Boriti ya Lango

"Wenyeji ndani, wageni nje," alinadi Shomari, bawabu wa mji, jua lilipoanza kushuka.

Kwa miaka thelathini Bi Mashavu alikuwa akiusikia wito huo, akibeba vyungu vyake na kutoka. Wakubwa wa mji hawakuutaka moshi wa tanuri lake ndani ya ukuta, basi akalijenga nje, vichakani. Wahunzi wakamfuata, kisha waoka mikate, kisha wafumaji na jamaa zao wote.

Leo hakuna aliyesogea. Watu, hata wale wa ndani ya ukuta, walikuwa wamejaa nje mbele ya tanuri, wengine wakichagua vyungu, wengine wakila mikate ya moto.

Shomari akanadi tena.

"Wenyeji tuko huku, Shomari," Bi Mashavu alimjibu bila kuinuka. "Huko ndani unamfungia nani?"

Bawabu akageuka. Mtaa mzima nyuma yake ulikuwa na mbuzi wawili tu. Akaichomoa boriti ya kufungia lango, akaitia begani na kutoka nayo.

"Niiweke wapi?"

"Hapo. Kibanda changu kinataka mhimili."

Watu wakapiga vigelegele. Bi Mashavu hakungoja viishe. Kule mbali, ng'ambo ya nyumba ya mwisho, alikuwa amemwona mtu asiyemjua akichimba mashimo ya nguzo peke yake. Akajaza chungu maji, akampelekea.

"Karibu mjini," alimwambia.

Yule mtu akafuta jasho, akaangaza macho huku na huku, akilitafuta lango.