Rejista ya Wageni

Neno la kwanza kuondolewa lilikuwa "kukamatwa."

"Weka 'kualikwa,'" Chifu Gakuru aliamuru, akipuliza chai yake. "Hiyo iko na heshima."

Muteti akaandika: amealikwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri ajabu, herufi zimesimama wima kama watoto wa shule kwenye gwaride. Katika ofisi ile, nje kidogo ya mji wa Kitengela, hapakuwa na mkono mwingine wa kuandika hivyo. Chifu mwenyewe akikuandikia barua, ilibidi umfuate umuulize imesema nini. Watu husema mwandiko mzuri ni bahati. Muteti hakuwa na uhakika.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka wa 1998. Sheria ilikuwa imebadilishwa Nairobi: chifu hana ruhusa tena ya kuokota watu barabarani na kuwachimbisha mitaro bure. Na saa nane D.O., mkuu wa tarafa, angekuja kukagua rejista, ambayo ilikuwa imejaa aibu tupu tangu jalada hadi jalada. Kwa hiyo rejista mpya ilinunuliwa, na Muteti akapewa kazi ya kunakili kila mstari, maneno mabaya yakiachwa nyuma.

"Ukimaliza hiyo, Muteti, utaenda nyumbani," chifu alisema. "Haki ya Mungu."

Muteti alitaka sana kuamini. Kesho yake, saa nne asubuhi, binti yake Evalyne alikuwa anaolewa kanisani kule Kimuka, na baba ndiye wa kumshika mkono. Barua ya Evalyne ilikuwa mfukoni, imekunjwa na kukunjuliwa hadi ikaanza kukatika: "Baba, tunajua kazi ya serikali ni nyingi, lakini omba ruhusa. Mama anasema usipokuja atanipeleka yeye, na wewe ukae huko huko."

Maskini Katee, mkewe! Kanisani alijulikana kama mke wa ofisa. Mshahara haukuwahi kufika hata siku moja, naye aliwaambia majirani kwamba serikali ni kubwa, hulipa polepole.

Basi Muteti akaandika mbio. "Kazi ya lazima" ikawa "kujitolea." "Kutoroka" ikawa "kuondoka bila kuaga." Palipoandikwa kwamba mtu fulani alichapwa viboko vitatu, chifu alikuna kichwa.

"Alitiwa moyo," Muteti akapendekeza.

"Mara tatu!" Chifu akapiga meza kwa furaha. "Wewe mtu uko na kichwa!"

Askari Maweu, bunduki begani, alicheka pale mlangoni. Maweu alikuwa mtu mwema. Muteti akienda choo, Maweu humsindikiza, akitoka, humsindikiza. Ni ofisi gani nyingine inayomtunza karani namna hiyo?

Vitambulisho vilisumbua kidogo. Kila aliyeokotwa alinyang'anywa chake, kikafungiwa kwenye droo ya chifu, na bila kitambulisho mtu angefika wapi kabla hajakamatwa tena? Muteti akaandika: kimehifadhiwa kwa usalama.

"Na hawa watu wenyewe?" chifu aliuliza. "Tuwaite nani?"

Muteti alifikiria kidogo tu. Jua lilikuwa linakwenda. "Wageni," akasema.

Chifu nusura ambusu. Rejista ya zamani ikapelekwa jikoni, ikatiwa chini ya birika, na chai ya D.O. ikachemka nayo vizuri kabisa.

D.O. Wakhungu alifika saa nane kamili. Alikuwa kijana mpole mwenye mkoba mweusi, na alikunywa ile chai akaisifu.

"Chifu," akasema, "kuna mtu aliyeletwa hapa kwa nguvu na hajaachiliwa mpaka leo? Niko na barua hapa. Nikiweka sahihi, mtu anapewa kitambulisho chake, na gari langu linampeleka mpaka kwao leo hii."

Kalamu ilimwanguka Muteti.

"Hapa kwangu?" Chifu alishika kifua. "Hakuna hata mmoja! Karani, msomee mheshimiwa."

Maweu alisogea taratibu, akasimama nyuma ya kiti cha Muteti.

Muteti akasoma. Mgeni, amealikwa, amejitolea, amerudi kwao. Mgeni, amealikwa, ametiwa moyo, amerudi kwao. D.O. alitikisa kichwa kwa kuridhika ukurasa baada ya ukurasa.

"Kweli ninyi mnapenda watu," alisema, akirudisha barua mkobani. "Wamebaki wangapi?"

"Mmoja." Muteti akafungua ukurasa wa mwisho. Mstari huo alikuwa ameuandika haraka kuliko yote, bila kuutazama. "Namba thelathini na moja. Jumanne, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu, tisini na sita. Mgeni. Alikuwa anapita njia. Amealikwa na askari Maweu kujitolea kuchimba mtaro, siku moja. Kitambulisho kimehifadhiwa kwa usalama." Kisha akamalizia. "Hajaaga."

"Miaka miwili!" D.O. alicheka hadi machozi yakamtoka. Chifu akacheka. Maweu naye akacheka. "Huyo amepapenda! Mimi mgeni kama huyo siwezi kumfukuza na barua."

Akafunga mkoba wake, tap, akainuka na kuelekea kwenye gari. Mlangoni akageuka, bado anapangusa macho.

"Anaitwa nani huyo mgeni, karani?"

"Muteti, mheshimiwa," karani akajibu. "Wa Kimuka."