Aliyefaulu Hatoki

Mkawasi alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na bado alikuwa kidato cha nne. Alikuwa amepata A mara tano. Sheria ya kaunti ilikuwa wazi: mwanafunzi aliyefaulu hapewi cheti wala ruhusa ya kuvuka mpaka wa kaunti, hadi wastani wa shule yake ufike C. Aliyeanguka huenda zake. Aliyefaulu hurudi darasani kuivuta shule juu.

Mwaka huo mdogo wake, Mghoi, alikuwa anafanya mtihani kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya karatasi ya hesabu, Mkawasi alimvuta kando ya jiko.

“Andika makosa,” alimnong'oneza. “Anguka, uende Machakos kwa shangazi.”

“Na wewe dada, mbona huanguki?”

“Nilijaribu mwaka jana. Nikifika kwa swali ninalolijua, mkono unaandika wenyewe.”

Matokeo yalikuja Januari. Shule ilikuwa na wastani wa D, na Mghoi alikuwa na A. Mama yao alipiga vigelegele mpaka majirani wakajaa uani. Mghoi alijifungia chumbani akalia, na Mkawasi akasimama mlangoni.

Jumatatu mama aliita fundi wa nguo aje kumpima Mghoi sare mpya.

“Mwachie nafasi kiunoni,” alimwambia fundi kwa furaha. “Huyu bado atanenepa.”