Mgongo wa Kachori

Siku hizi daktari wa wanyama anayesomea upasuaji wa uti wa mgongo hapewi cheti mpaka aubebe mgongo wa mgonjwa wake. Anafungwa mshipi kiunoni, na kila anachohisi mnyama, naye anakihisi, hadi mnyama atembee.

Ndiyo maana Atupele alikuwa amelala mkekani sebuleni, miguu imekufa ganzi kama ya Kachori, mbwa aliyepooza ambaye Atupele mwenyewe ndiye aliyempasua. Mumewe, Lusajo, alimlisha uji kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Jioni moja vidole vikamwasha. Akashika ukuta, akainuka, akapiga hatua huku akicheka peke yake. Kachori anatembea! Mara, chini ya kiuno, mahali ambapo mbwa ana mkia na binadamu hana kitu, pakaanza kutikisika kwa furaha ambayo hajawahi kuijua, mwili mzima ukayumba.

Lusajo akafungua mlango, akamkuta anacheza.

"Mke wangu, kumbe unanipenda hivi?"

Atupele alicheka mpaka machozi. Lusajo alikuwa bado mlangoni, lakini Atupele tayari alikuwa anahisi mgongoni kiganja cha mwenye Kachori, kikimpapasa mbwa wake huko kwao.

Kesho mshipi unavuliwa, na jioni Lusajo atarudi akitegemea kupokelewa vilevile.