Nukta

Sabra alishindwa kutulia kitini. Watengeneza tovuti wenzake walimwambia akae, naye akazidi kuizunguka meza. Wote walikuwa wamenakili kiolezo kimoja cha fomu, alichokiandika Kheri, kiongozi wa kikundi chao. Sasa kila tovuti mjini, iwe ya zahanati au ya shule, ilimkataa mtu asiyejaza jina la baba.

"Nimelitoa neno 'lazima' pale kwenye jina la baba," Sabra alisema. "Unasubiriwa wewe tu uidhinishe, kaka Kheri."

Kheri akacheka. "Miaka yote hii hajalalamika mtu. Kwani nani hana baba, dada?"

"Wapo."

"Mbona wanajisajili? Huwa wanaandika nini?"

Sabra akaivuta kompyuta ya Kheri, akafungua ukurasa wake mwenyewe wa uanachama kwenye tovuti ya kikundi, kisha akamgeuzia. Kwenye nafasi ya jina la baba palikuwa na nukta.

Kheri aliinama, akaifuta kwa kidole gumba akidhani ni vumbi. Nukta haikutoka.

Upande wa pili wa meza, Mbaruku, mmoja wa wenzao, akakohoa.

"Fungua na wangu," akasema.