Bangili ya Atupele

Siku Tusekile alipozikwa, bangili ya mama yake, Atupele, iliacha kulia. Atupele alikuwa msomaji wa maktaba ya Tukuyu, na kwa sheria, hakuna riwaya ya kutisha iliyomfikia kijana kabla msomaji hajaisoma akiwa na bangili mkononi. Moyo ukimwenda mbio, bangili hulia, na kitabu hufungiwa kabatini. Zamani ililia hata kwa hadithi ya paka mweusi, na Tusekile akamcheka: "Mama, kwa uoga huo, sisi tutasoma nini?"

Baada ya matanga alirudi kazini. Akasoma za mizimu, za wachinjaji, hata ya binti aliyezikwa hai. Bangili kimya. Mkuu wake akafurahi, akampa na vya kabatini avirudie.

"Shikamoo, mama. Kuna kipya?" aliuliza Subilaga, rafiki wa marehemu.

"Marahaba, mwanangu. Chukua hiki."

"Hakitishi? Kile cha juzi kimeninyima usingizi hadi leo."

Atupele aliitazama bangili mkononi mwake.

"Mimi sikuona kitu," alisema, na alisema kweli.

Sasa kabati ni tupu.