Mkono wa Profesa Mwantumu

Kwa miaka mingi Profesa Mwantumu aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mtu akizungukwa na wenzake wanaosema kijiti kifupi ni kirefu, mwishowe naye husema ni kirefu. Alilithibitisha jambo hilo kwa takwimu, na ndilo lililompa uprofesa.

Siku hiyo baraza la chuo lilikaa kuamua hatima ya Dakta Habel, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Wakubwa walitaka utafiti wake kuhusu njaa mjini uonyeshe nafuu, naye akakataa kubadilisha hata tarakimu moja.

"Wanaoafiki aondolewe, wanyooshe mikono," alisema mwenyekiti.

Mwantumu alikuwa ameapa moyoni kwamba hatanyoosha. Mkono mmoja ulipanda, ukafuata mwingine, kisha safu nzima ya mbele. Jirani yake alimtupia jicho huku akinyoosha wake. Macho yote yakamgeukia Mwantumu.

Akanyoosha.

Wenzake waliposhusha mikono, wake ulibaki juu.

"Tumeshahesabu, Profesa," mwenyekiti alimwambia kwa upole. "Shusha tu."

Habel, aliyekuwa ameketi kando akingoja uamuzi, alikusanya karatasi zake. Alipokuwa akitoka, alisimama mbele ya Mwantumu, akainamisha kichwa kama alivyozoea tangu enzi za masomo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwantumu alifumbua kinywa aitikie, sauti isitoke. Habel alibaki palepale, kichwa amekiinamisha, akiingoja marahaba yake.