Ngiri wa Kwenye Tamthilia

Ngiri alikuwa mpole, ila kwa sababu ya sura yake alipewa nafasi ya mume katili katika tamthilia ya televisheni. Tangu hapo wanyama wakamkwepa. Nyani, walioshinda wakijadili tamthilia ile, walijua ni maigizo, lakini walimzomea sokoni.

Siku moja alikutana na Bibi Kanga njiani.

"Shikamoo, Bibi."

"Shikamoo yako siitaki! Kwa nini umemfukuza mkeo, naye mjamzito?"

"Ule ni mchezo tu, Bibi. Mimi hata mke sina."

"Usinidanganye. Nimekuona kwa macho yangu!"

Machozi yakamtoka Ngiri. Bibi Kanga alipoyaona, akamwambia amfuate nyumbani. Huko akamwekea bakuli la uji wa mtama.

"Kunywa kwanza, mjukuu wangu. Kesho nitakusindikiza kwa mkeo, ukamwombe radhi."

Ngiri akanywa taratibu. Waliojua kuwa anaigiza walimnyima hata salamu, na huyu aliyeamini ubaya wake ndiye aliyemkaribisha ndani. Hakuwa na moyo wa kubishana tena.

"Sawa, Bibi," alisema. "Tutaenda."